Ushauri, Maelekezo na Amri: Uhakiki wa Istilahi za Sera ya Mazingira, kwa Mfano wa Ufipa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi chache zinazotumika nchini katika mambo ya mazingira, hasa zile zinazohusu vyombo vya kuishauri Serikali. Hatukusudii kuihakiki sera yenyewe. Kazi hiyo wanayo wenye taaluma hiyo. Tunachohakiki ni Kiswahili cha sera. Je, maneno tunayoyatumia yanamweleza mwananchi ni nani anayetoa ushauri, ni nani anayeamua, na ni nani mwenye uwezo wa kumzuia mtu asilime au asikate mti? Ikiwa maneno hayasemi hivyo waziwazi, lawama haimwangukii mwananchi asiyeelewa, bali humwangukia aliyeandika waraka.

Tumechagua Uwanda wa Juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, uwe mahali pa kuyapimia maneno hayo. Sababu ni mbili. Kwanza, Ufipa ni nchi ya wakulima ambao tangu zamani wana utaratibu wao wa kutunza udongo, na utaratibu huo una jina lake. Pili, nchi hiyo ya miinuko, ambako ndiko uliko mji wa Sumbawanga, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, iko kati ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Maji ya mto Kalambo huishia katika ziwa la kwanza, na ya mto Momba huishia katika la pili, ambalo ni la kina kifupi na halina mto unaotoka. Udongo ukimomonyoka juu, huonekana chini. Kwa hiyo neno la sera likikosewa huko, hasara yake haibaki kwenye karatasi.

2. Chombo kilichobadilika na jina lisilobadilika

Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliundwa kwa Sheria Na. 19 ya 1983. Kwa sheria hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kushauri: kuishauri Serikali juu ya mambo yote ya mazingira, kupendekeza sera na kuunganisha shughuli za wizara mbalimbali. Halikuwa chombo cha kukamata wala kushitaki. Sera ya Taifa ya Mazingira ilipotolewa mwaka 1997, ilitaja matatizo makubwa sita ya nchi: kuharibika kwa ardhi, uhaba wa maji safi yanayofikika, uchafuzi, kupotea kwa makazi ya wanyamapori na bayoanuwai, kudhoofika kwa mifumo ya maji, na kutoweka kwa misitu. Mpangilio huo wa matatizo sita ndio uliotawala mazungumzo ya mazingira nchini kwa zaidi ya miaka 20, mpaka ilipotolewa Sera ya Taifa ya Mazingira ya 2021.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004. Sheria hiyo iligawa kazi upya. Iliunda Kamati ya Taifa ya Ushauri wa Mazingira, ambayo kazi yake ni kumshauri Waziri. Ikaweka nafasi ya Mkurugenzi wa Mazingira. Baraza nalo likapewa kazi ya utekelezaji wa sheria, ya kupitia tathmini za athari kwa mazingira na ya kufuatilia kama masharti yanatimizwa. Kwa maneno mengine, mwaka 1983 Baraza lilikuwa mshauri. Mwaka 2004 likawa msimamizi mwenye meno, na ushauri ukahamia kwa Kamati. Jina la Baraza halikubadilika.

Hapo ndipo tatizo la kwanza la istilahi linapoanza. Neno “baraza” katika Kiswahili cha utawala limebebeshwa mizigo mingi. Baraza la Mawaziri humshauri Rais. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar hutunga sheria. Baraza la Mitihani la Taifa huendesha mitihani. Baraza la Ardhi la Kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, husuluhisha. Na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa Sheria Na. 27 ya 1967, hukuza na kusanifu lugha. Mshauri, mtunga sheria, mwendeshaji, msuluhishi na msanifu, wote wameitwa kwa neno moja. Mtu wa Laela au wa Matai akisikia kwamba “Baraza limesema”, hana njia ya kujua kutokana na jina kama amepewa rai, amepatanishwa au ameamriwa.

Watetezi wa neno hilo watasema kwamba muktadha unatosha. Ni kweli kwamba unatosha kwa mtu aliyesoma sheria iliyounda chombo. Lakini sheria ya 2004 haikuishia Dar es Salaam wala Dodoma. Iliweka kamati za mazingira mpaka ngazi ya kata, kijiji na kitongoji. Mjumbe wa kamati ya kitongoji hana maktaba ya sheria. Alicho nacho ni jina la chombo na kitenzi kilichotumika katika barua. Si ajabu basi kwamba pendekezo la kuligeuza Baraza la mazingira liitwe Mamlaka lilijadiliwa kwa miaka mingi. Waliolitoa walikuwa na sababu za kisheria na za kiutawala, lakini ndani yake mlikuwa na kukiri jambo la lugha pia: kwamba neno “baraza” halitoshi kuutangaza uwezo wa chombo kinachoamuru.

3. Kushauri, kupendekeza, kuelekeza, kuamuru

Jina la chombo likiwa halieleweki, mzigo wote hukiangukia kitenzi. Nacho pia hakijatulia.

Neno “shauri” lina maana zaidi ya moja hata kabla ya kuingia ofisini. Ni rai: “nipe shauri”. Ni kesi: “shauri liko mahakamani”. Ni jambo lililo mikononi mwa mtu: “shauri yako”. Sheria ilipotaka neno kwa kazi ya kutoa rai ya kitaalamu, ilichukua “ushauri”, na ni chaguo zuri. Katiba ya Jamhuri ya Muungano imelitumia kwa uangalifu. Ibara ya 37 inaeleza kwamba Rais hafungwi na ushauri anaopewa na mtu yeyote, isipokuwa pale ambapo Katiba au sheria inamtaka atende kulingana na ushauri huo. Hapo Kiswahili chenyewe, bila msaada wa lugha nyingine, kimetenga dhana mbili: ushauri unaosikilizwa tu, na ushauri unaofuatwa kwa lazima. Ni mfano ambao watafsiri wote wa sheria wanapaswa kuushika.

Kwa bahati mbaya nyaraka nyingi haziutumii. Tutaje makosa matatu yanayoonekana mara kwa mara.

La kwanza ni kuchanganya “kwa kushauriana na” na “kwa ushauri wa”. Waziri akitunga kanuni kwa kushauriana na chombo fulani, anapaswa kukiuliza, kisha akili ya uamuzi inabaki yake. Akitenda kwa ushauri wa chombo hicho, msomaji ana haki ya kudhani kwamba chombo kimetoa rai na rai hiyo imefuatwa. Tofauti ni ya silabi chache tu, lakini ndiyo inayoonyesha kama chombo cha ushauri kinaunda sera au kinapamba mkutano. Mtafsiri anayebadilisha moja kwa nyingine ili sentensi isikike vizuri amegawa upya madaraka ya nchi bila kutumwa na Bunge.

La pili ni “ushauri elekezi”, istilahi iliyoenea sana kwa kazi ya kitaalamu inayofanywa kwa malipo. Nia ya walioiunda inaeleweka: walitaka kumtenga mtaalamu anayekodiwa na mshauri wa kawaida. Lakini sifa waliyochagua inakwenda kinyume cha jina. Anayeelekeza humwonyesha mwenziwe njia ya kufuata. Na katika ofisi zetu neno “maelekezo” limekuwa jina la heshima la amri. Sasa kampuni inayoandika ripoti ya mazingira ya mradi hutoa ushauri elekezi, na Mkuu wa Wilaya hutoa maelekezo. Mkulima wa Mpui atajuaje kwamba lile la kwanza halimfungi na la pili huenda likamfunga?

La tatu ni kutumia “kushauri” kama adabu ya kuamuru. “Wananchi wanashauriwa kuondoka kandokando ya mto” ni sentensi ya kawaida katika matangazo. Aliyeiandika ameogopa kuonekana mkali. Lakini ikiwa wasioondoka watatozwa faini, sentensi hiyo si ya adabu. Ni ya kuwaponza watu. Na ikiwa hakuna sheria inayowataka waondoke, basi ni ushauri wa kweli, na mtendaji hana ruhusa ya kuwang’olea mazao. Neno moja limetumika kwa hali mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi.

4. “Hifadhi”: tendo au mahali?

Jina la Kiingereza la Baraza lina neno la usimamizi peke yake. La Kiswahili limeongeza “hifadhi” mbele. Nyongeza hiyo si kosa, maana ilitoka katika ari ya kueleza lengo. Miaka hiyo neno hilo lilikuwa na nguvu nzuri. Mwaka 1973 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1986 Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Katika majina hayo “hifadhi” husomeka kama kitenzi: hifadhi ardhi, yaani itunze. Ni jina lenye wito ndani yake. Wenyeji wa Ufipa hawatashangaa, kwa kuwa jina la Sumbawanga nalo huelezwa kuwa ni wito: tupa uchawi.

Lakini tangu hapo neno limehamia kwenye maana ya mahali. Tuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Tuna msitu wa hifadhi wa Mbizi, juu ya mji wa Sumbawanga. Kwa mtu anayeishi jirani na mahali kama hapo, hifadhi ni eneo lenye mpaka, lenye askari, ambalo huingii bila kibali. Akiambiwa kwamba kijiji chake kina “mpango wa hifadhi ya mazingira”, jambo la kwanza analolifikiri ni kwamba ardhi yake itawekewa mpaka. Hofu hiyo haitokani na ujinga. Inatokana na kuelewa Kiswahili kama kinavyotumika.

Lugha tayari inayo dawa. Kwa tendo tunalo “uhifadhi”, na kwa mahali tuiachie “hifadhi”. Tena lipo “utunzaji”, neno jepesi lisilomtisha mtu, ambalo linafaa zaidi pale mwenye ardhi anapobaki kuwa mtunzaji wake. Mwalimu anaweza kuanza kuzitenga dhana hizi darasani hata kabla nyaraka hazijarekebishwa.

5. Mita 60 na “shughuli za kibinadamu”

Sasa tufike mahali ambapo istilahi hugusa chakula. Kifungu cha 57 cha Sheria ya 2004 kinakataza shughuli fulani ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ufuko wa bahari au wa ziwa la asili, na kandokando ya bwawa. Kinachokatazwa kina masharti: ni shughuli za kudumu, au zile ambazo kwa tabia yake zinaweza kudhuru uhifadhi wa maeneo hayo. Sheria ilitungwa kwa Kiingereza, kama sheria nyingi za wakati huo. Ilipoingia katika Kiswahili cha matangazo, masharti yalidondoka njiani. Kilichobaki ni: “Ni marufuku kufanya shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60.”

Tuanze na “shughuli za kibinadamu”. Kiambishi “ki-” hapo huleta maana ya namna au tabia. Msaada wa kibinadamu ni msaada wenye utu. Kwa hiyo shughuli za kibinadamu, kwa sikio la Mswahili, zingekuwa shughuli zenye utu, na haielekei kwamba hizo ndizo zinazopigwa marufuku. Ni tafsiri ya neno kwa neno iliyokaa mpaka ikazoeleka. “Shughuli za watu” ingetosha, na bora zaidi ni kuzitaja shughuli zenyewe: kujenga, kulima, kuchimba mchanga, kufyatua matofali, kulisha mifugo.

Kosa kubwa zaidi ni kudondosha “za kudumu, au zinazoweza kudhuru”. Tuchukue mkulima wa Ufipa mwenye bustani ya maharage bondeni, anayoilima wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki. Je, hiyo ni shughuli ya kudumu? Je, kwa tabia yake inadhuru ukingo? Huenda ndiyo, huenda siyo. Hutegemea mteremko, ukaribu wa maji na namna anavyolima. Hilo ni swali ambalo sheria ilitaka liulizwe. Tangazo la Kiswahili limelifuta swali hilo. Mtendaji wa kijiji anayelisoma tangazo hana jambo la kupima isipokuwa umbali, na mkulima hana hoja ya kujitetea isipokuwa kuomba huruma. Haki aliyopewa na Bunge imepotea mikononi mwa mfupishaji wa tangazo.

Upande wa pili wa jambo hili haupaswi kusahauliwa. Mto unaolimwa mpaka ukingoni hujaa udongo, na wa chini hukosa maji au hupata matope. Sheria ina sababu. Lakini sheria inayotangazwa kwa ukali kuliko ilivyoandikwa hudharauliwa, kwa kuwa haiwezekani kuifuata yote. Na ikishadharauliwa, hata yule anayeharibu ukingo kwa tingatinga hupita pamoja na mwenye bustani ya maharage.

6. Athari “za” au “kwa”? Na nani mharibifu?

Kiunganishi kidogo kinaweza kupindua maana. “Tathmini ya athari kwa mazingira” ni kupima mradi utayafanya nini mazingira. “Tathmini ya athari za mazingira” ni kupima mazingira yatafanya nini. Istilahi rasmi ni ya kwanza, lakini ya pili husikika kila siku, hata katika hotuba za wakubwa. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa fedha za msaada wa Marekani kufuatia mkataba wa 2008, ni mradi wa aina ambayo sheria hutaka ifanyiwe tathmini kama hiyo. Mwananchi akiitwa kwenye mkutano wa hadhara kujadili “athari za mazingira”, atazungumza juu ya mvua na matope yatakavyoisumbua barabara. Aliyeitwa kusema barabara itakavyokisumbua kisima chake amenyamazishwa na kiunganishi.

“Uharibifu wa mazingira” nao una upungufu wake. Neno “uharibifu” huita mharibifu, na katika kijiji mharibifu anayeonekana ni yule mwenye jembe. Sehemu kubwa ya Ufipa ni nchi ya nyasi, yenye miti michache. Wataalamu wameieleza hali hiyo kwa sababu nyingi: makazi ya muda mrefu, moto, kilimo, na makaa yaliyotumika katika kuyeyusha chuma, kazi ambayo Wafipa walisifika nayo, wakiwa na tanuri ndefu za udongo. Hizo ni habari za karne kadhaa. Kuziita zote uharibifu ni kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Pale ambapo mtendaji hajulikani, “kuharibika kwa ardhi” au “kuchakaa kwa ardhi” ni usemi wa haki zaidi. Na pale anapojulikana, atajwe.

7. Neno ambalo sera halina

Mpaka sasa tumezungumzia maneno yanayoshuka. Yako pia yanayostahili kupanda. Kuelekea mwisho wa masika mkulima wa Ufipa hukata nyasi pamoja na udongo wake, akavigeuza na kuvirundika katika vilima vidogo vya duara, nyasi zikawa ndani. Juu yake hupanda maharage. Nyasi huoza ndani ya kilima. Msimu unaofuata kilima hutawanywa, na ulezi au mahindi hupandwa katika udongo uliokwisha kupata rutuba. Kwa Kifipa vilima hivyo huitwa intumba. Ni kilimo ambacho kimewashangaza mabwana shamba tangu ukoloni. Mwaka 1950 M. Lunan alikiandikia makala katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki.

Katika Kiswahili cha kilimo intumba huitwa “matuta”. Neno hilo halitoshi. Tuta ni udongo ulioinuliwa, liwe refu au fupi, na halisemi lolote juu ya nyasi zinazooza ndani. Tena tuta lina kumbukumbu mbaya katika historia: Waluguru walipogoma mwaka 1955, jambo lililowachosha lilikuwa amri ya kuchimba matuta ya ngazi milimani. Kuliweka jina la amri hiyo juu ya kazi ambayo wenyeji waliianzisha wenyewe si haki. “Mbolea vunde” nayo inasema juu ya kuoza, lakini haisemi juu ya kilima wala juu ya mazao mawili yanayofuatana.

Njia iliyo sawa ni kulichukua neno lenyewe. Ngoro ya Wamatengo wa Mbinga imekwisha kuingia katika maandishi ya kilimo. Ngitili ya Wasukuma, yaani malisho yanayofungwa ili yapumzike, imeingia katika nyaraka za mazingira kwa njia ya HASHI. Bunge, ikulu, ngeli na kitivo ni maneno ya lugha nyingine za Kibantu za nchini, na leo hakuna anayeyaona mageni. Intumba ibaki na “i” yake ya mwanzo, kwa sababu “tumba” ni neno lenye maana nyingine katika Kiswahili, ikiwamo ua lisilochanua. Iwekwe katika ngeli ya “ngoma”: intumba hii, intumba hizi.

Faida ya jambo hili si ya kamusi peke yake. Chombo cha ushauri hushauri juu ya kile ambacho kina jina. Mahali ambapo waraka una neno “kilimo” tu, mkulima wa intumba na yule anayelima kwa kushuka mteremko huwekwa kundi moja. Ukiwepo msamiati wa kuwatenga, kamati ya kijiji inaweza kuandika kwa wilaya, na wilaya kwa mkoa, kwamba kilimo fulani kinatunza udongo. Hapo ushauri utakuwa umepanda, na si kushuka tu.

8. Mapendekezo

Tangu 2021 sheria ya nchi imetamka kwamba lugha ya sheria ni Kiswahili. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri sheria za zamani na kutunga mpya haiwezi tena kuachiwa mazoea. Tunapendekeza yafuatayo.

(a) “Kushauri” kutumike pale tu ambapo anayeshauriwa yuko huru kukataa. Pale ambapo kukataa kuna adhabu, iandikwe “kuamuru” au “kutaka”, na sheria inayohusika itajwe kwa jina na kifungu.

(b) “Kwa kushauriana na” na “kwa ushauri wa” yatenganishwe katika tafsiri zote, kwa kufuata mfano wa Katiba.

(c) “Ushauri elekezi” uachwe, na badala yake itumike “ushauri wa kitaalamu”.

(d) “Uhifadhi” au “utunzaji” uwe wa tendo. “Hifadhi” iwe ya mahali.

(e) “Shughuli za kibinadamu” iondolewe katika matangazo, na masharti ya kifungu cha 57 yaandikwe kamili bila kufupishwa.

(f) Kila wilaya, kwa kuanzia na Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, ikusanye maneno ya wenyeji yahusuyo udongo, maji na misitu, ili yafikiriwe kuingizwa katika istilahi za taifa.

Haya yote yako ndani ya uwezo wa mtafsiri mezani pake, wa mwalimu darasani na wa karani anayeandika tangazo la kubandikwa ukutani mwa ofisi ya kata. Hayahitaji bajeti wala sheria mpya. Yanahitaji mtu asiandike “mnashauriwa” mpaka awe amejiuliza: na wasipokubali, je?